Pampu Sitini na Moja za Marehemu Eustakio

Fundi Eustakio alifariki Mei mwaka 1999, akazikwa kwao Marambo kwa misa ya heshima, watu wakala ubwabwa wakatawanyika. Baada ya hapo ndipo alipoanza kuchapa kazi. Enzi za uhai wake alikuwa akitengeneza pampu mbili kwa mwezi, tatu kama malaria imempa nafasi. Akiwa kaburini alitengeneza sitini na moja, na hata siku moja hakuomba mafuta ya pikipiki. Mfanyakazi wa namna hiyo ukimpata, unamwachaje?

Aliyemrudisha kazini ni Lusiana Anselmo, karani wa masjala. Hadithi hii ni ya Lusiana, maana marehemu hana kosa lolote. Yeye alilala zake.

Lusiana naye alizaliwa Marambo, mtoto wa tatu wa wakimbizi waliovuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji wakasahau kurudi. Masista wa misheni walimsomesha hadi kidato cha nne, wakamfundisha na kupiga taipu, wakitumaini kwamba siku moja atakuwa sista. Lo, kwa ulimi ule! Mwaka 1994 akaajiriwa na Mradi wa Visima Salama, uliokuwa na ofisi yake Nachingwea katika jengo la mabati lililoachwa na Waingereza wa karanga. Karanga zao hazikuwalipa, lakini mabati yalidumu, na chini yake wamekaa watu wa mipango mikubwa tangu siku hiyo hadi leo.

Mradi ulikuwa umechimba visima mia mbili na ushee katika Nachingwea na Ruangwa, kila kimoja na pampu yake ya mkono. Pampu hizo zilikuwa na tabia zake. Masika, maji yakiwa yamejaa kila shimo, zilifanya kazi bila kinyongo. Kiangazi kikikaza, zinakufa. Pampu ikifa, kamati ya maji ya kijiji iliandika barua, Lusiana akaigonga muhuri wa mapokezi, akaifungulia jalada, na jalada likaanza safari: kwa mhandisi aandike maoni, kwa mtunza stoo aandike kwamba vipuri hakuna, kwa Mratibu aandike "tujadiliane", kisha lirudi masjala kupumzika. Ruangwa ilipopewa wilaya yake, majalada ya huko yakaongezewa saini moja, ya ofisa aliyetakiwa kuja Nachingwea kila mwezi akipata usafiri. Usafiri alikuwa hapati.

Hata hivyo mambo yalikwenda, na yalikwenda kwa sababu ya Lusiana. Alijua kila jalada limekaa kwa nani na limekaa siku ngapi, na alipita meza kwa meza akidai kwa sauti iliyomfikia mlinzi getini. "Mhandisi, hili jalada umelilalia wiki ya tatu sasa. Likitotoa vifaranga tuite." Walimwogopa. Mhandisi mmoja alizoea kutoka kwa mlango wa nyuma, mpaka siku aliyomkuta Lusiana amekaa huko nyuma kwenye ngazi na jalada mapajani, anamngoja.

Kisha ikaja kompyuta.

Ililetwa mwaka 2002 na wafadhili wenyewe, imefungwa kwenye maboksi manne na mfumo wake ndani, mfumo ulioitwa Mtiririko. Kuanzia sasa jalada halitatembea tena. Kazi itatembea yenyewe ndani ya mashine. Kila ombi la kijiji ni kazi, na kila kazi ina hatua sita. Hatua ya mwisho ni pampu kutengenezwa: hapo unaandika jina la fundi na tarehe, unabonyeza "Imekamilika", na kazi inafungwa. Kazi ikipita siku tisini bila kufungwa, mstari wake unageuka mwekundu. Na kisima kikishaandikwa kimetengenezwa, mfumo hukihesabu kizima kwa miaka mitano. Katika miaka hiyo hukipelekei ombi jipya hata uipigie mashine magoti, maana huko mfumo ulikotungwa, inaonekana, kitu kikitengenezwa huwa kimetengenezwa.

Mratibu wa Mradi wakati huo alikuwa Bwana Kassian, mtu mpole, mwenye tai mbili na hofu moja. Hofu yenyewe ilikuwa rangi nyekundu. Machi mwaka 2003, wafadhili wakiwa wanakuja kukagua, alisimama nyuma ya kiti cha Lusiana akaitazama kompyuta kwa muda mrefu.

"Lusiana, wageni wanafika Jumatatu. Hii mistari myekundu ni nini?"

"Ni pampu mbovu, Mzee."

"Najua ni pampu mbovu. Nauliza kwa nini ni myekundu."

"Kwa sababu ni mbovu, Mzee."

"Zifunge."

"Hazijatengenezwa."

"Zitatengenezwa," akasema Bwana Kassian kwa upole. "Sisi tunatangulia kuandika tu."

Tatizo likawa jina. Mashine haikubali kufunga kazi bila jina la fundi. Fundi wa Mradi alikuwa Saadi, aliyeshika nafasi ya marehemu Eustakio, na Saadi akagoma mchana kweupe. "Jina langu hapana," alisema. "Nina mashemeji kule Nkowe. Wakisikia nimetengeneza pampu yao, na wao bado wanachota mtoni, mke wangu watakuja kumchukua." Mhandisi akakumbuka ana safari ya Lindi. Mtunza stoo akasema yeye si fundi, na ni kweli, hata utunzaji wenyewe wa stoo alikuwa akiufanya kwa kubahatisha. Uongo ulikuwa umeshaiva, umekosa wa kuupakua.

Hapo ndipo Lusiana alipofanya kosa la maisha yake, na alilifanya akicheka. Jina la Eustakio lilikuwa bado kwenye orodha ya mafundi, kwa kuwa kumwondoa mtumishi kulihitaji fomu yenye saini ya mtumishi mwenyewe. "Basi tumwandike marehemu," akasema. "Yeye hana shemeji wa kumuuliza, na kwetu marehemu hasemwi vibaya." Ofisi nzima ikaangua kicheko. Bwana Kassian naye alicheka, kisha akaacha kucheka, akasema, "Haya, fanya hivyo."

Akafanya. Siku ile alifunga kazi ishirini na mbili, zote kwa mkono wa Eustakio, ambaye kwa mujibu wa mashine alitengeneza pampu za Marambo asubuhi na ya Nkowe mchana, kwa miguu. Wageni walikuja, wakaona kijani kitupu, wakala kuku, wakaondoka. Mwaka uliofuata wakaja tena, na mistari ilikuwa imegeuka myekundu tena, na marehemu akaitwa tena kazini. Mwaka wa tatu hakuna hata aliyecheka. Ilishakuwa utaratibu, na utaratibu haumchekeshi mtu. Mwishoni mwa mwaka 2004 makao makuu kule Dar es Salaam, wakisoma takwimu zao, walituma cheti cha Fundi Bora wa Kanda. Bwana Kassian alikipokea kwa niaba, akawaambia kwamba mwenyewe yuko kijijini. Katika hilo hakudanganya.

Katika zile pampu ishirini na mbili za kwanza, moja ilikuwa ya Nkowe, na mwenye pampu hiyo alikuwa Bi Kulthumu.

Bi Kulthumu alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, mama wa makamo ya kuelekea uzeeni, mguu wake mmoja mbovu. Ombi la kijiji chake liliandikwa Agosti 2002. Tangu hapo alikuwa akija Nachingwea kila mwezi kuuliza. Alikalia keria ya baiskeli ya mpwa wake hadi barabara kubwa, kutoka hapo akadandia lori la mbao au la korosho, akifika ofisini amepauka vumbi hadi kope. Mapokezi walimwacha asimame. Lusiana ndiye aliyekuwa akiinuka, akampa kiti chake mwenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza ile pampu."

"Inashughulikiwa, Mama."

"Wamesema lini?"

"Hawajasema siku. Lakini inashughulikiwa."

Alimwambia hivyo mwezi baada ya mwezi, miaka mitatu na ushee, mbele ya mashine iliyosema kwamba pampu hiyo ilitengenezwa tarehe 14 Machi 2003 na E. Eustakio. Alijaribu mara mbili kuingiza ombi jipya kwa siri. Mashine ilikataa: kisima ni kizima. Akajaribu kumwambia Bwana Kassian, naye akajibu kwamba suala hilo linahitaji kikao, na kikao kinahitaji akidi. Lusiana akarudi kwenye meza yake. Ulimi uliowafukuza wahandisi hadi mlango wa nyuma, kwa Bi Kulthumu ulijua neno moja tu. Alilichukia, na aliendelea kulisema. Bi Kulthumu kila akiondoka humwachia baraka, "Mungu akuzidishie, mwanangu, wewe ndiye mtu peke yako humu," na Lusiana huenda chooni kuosha uso.

Juni mwaka 2006 ikaja barua kutoka makao makuu. Awamu ya Tatu ya Mradi inaanza, ilisema, na wafadhili hawataki kuanza na uchafu wa zamani. Kwa hiyo taarifa zote zisafishwe. Kazi zote zilizokamilika kabla ya Januari 2006 zifutwe, na kila kisima kitakachobaki bila kazi yoyote kiondolewe kwenye orodha ya Mradi. Mtaalamu anakuja kutekeleza. Bwana Kassian aliisoma barua hiyo kikaoni kwa sauti ya mtu aliyeletewa msamaha wa Rais. Uchafu wote wa miaka mitatu, na hata hulazimiki kuinama kuokota!

Mtaalamu alifika Jumanne, kijana wa Dar aitwaye Emmanuel, na kompyuta yake ya kukunja ndani ya mkoba. Alikuwa na adabu, akamwita kila mtu kaka na dada, akanywa chai ya ofisi bila kuilaumu. Lusiana alimpenda kwa hilo, akamkalisha, akamuuliza bila kuzunguka.

"Mtaalamu, kazi ikifutwa, inakwenda wapi?"

"Haiendi popote, Dada Lusiana. Inakuwa haijawahi kuwepo."

"Na kisima chake?"

"Kama hakina kazi nyingine, kinaondoka nayo. Awamu ya Tatu itapewa orodha ya visima vilivyobaki tu."

"Kwa hiyo kisima ambacho kazi yake pekee ni ya mwaka 2003, na ilifungwa..."

"Hicho hakipo," akasema Emmanuel, akakoroga sukari. "Ijumaa saa nne asubuhi ndiyo nafuta. Kinachofutwa hakirudi."

Lusiana akarudi mezani akatafuta kazi zote za Eustakio. Sitini na moja. Nyingi zilikuwa za vijiji vya Ruangwa, kwa sababu ya ile saini ya ziada, na karibu vyote vilikuwa na kazi hiyo moja tu, kwa kuwa mashine haikuwaruhusu kuomba tena. Basi ndiyo hivyo. Miaka mitatu mashine ilisema Nkowe wana pampu nzima. Ijumaa saa nne itasema Nkowe hawana hata kisima. Bi Kulthumu atakuja mwezi ujao na vumbi lake, na hakutakuwa na cha kushughulikiwa hata kwa uongo.

Aliuliza swali moja zaidi, mchana, kama mtu anayeuliza hali ya hewa. Je, kazi iliyofungwa inaweza kufunguliwa? Emmanuel akasema inaweza. Mwenye kuifunga ndiye mwenye kuifungua, basi. Anaandika sababu, mfumo unaandika jina lake, na jina hilo halifutiki. "Kwa nini, Dada, kuna moja ilifungwa kwa bahati mbaya?"

"Kuna moja moja," akasema Lusiana.

Usidhani aliinuka hapo hapo kama shujaa wa mchezo wa redio. Alikaa. Mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba, na Bwana Kassian alishatangaza kwamba Awamu ya Tatu itawachukua "wale wenye ushirikiano". Alikuwa na watoto wawili shuleni na mume aliyeondoka mwaka 1998 kwenda kuchimba dhahabu Namungo, akaipata au hakuipata, Mungu anajua, lakini nyumbani hakurudi nayo. Zaidi ya yote, zile kazi zilifungwa kwa jina la kuingilia la Lusiana. Si la Kassian, wala la mhandisi. Akizifungua, karatasi zitasema mwongo ni mmoja, na mwongo huyo atakuwa amejisainia mara sitini na moja. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwahi kuajiriwa kwa mkataba.

Jumatano asubuhi akaanza.

Kila kazi ilichukua dakika kumi, kwa kuwa mashine ilikuwa nzito na umeme wa Nachingwea wakati ule ulikuja kama mgeni mwenye kiburi, unakaa kidogo unaondoka bila kuaga. Alitoa jalada la zamani kabatini, akatafuta barua ya kijiji yenyewe, akaingiza namba, na penye sababu akaandika neno moja: Haikutengenezwa. Mashine ikauliza, Una uhakika? Swali zuri sana, na ingekuwa vizuri mashine ingeliuliza mwaka 2003. Mfungua kazi: Lusiana Anselmo. Akaenda kwenye ya pili. Alipopita mtunza stoo akamuuliza anafanya nini, akajibu, "Ninasafisha, kama barua ilivyosema." Na hilo pia halikuwa uongo. Alhamisi saa kumi jioni alifungua ya mwisho, akazima mashine, akaenda nyumbani kupika.

Ijumaa saa nne Bwana Kassian alikuja na tai ile nzuri, akasimama nyuma ya Emmanuel kushuhudia usafi. Emmanuel akabonyeza. Kazi mia moja na ushee zikayeyuka, visima vilivyokuwa na kazi iliyo wazi vikabaki, na juu kabisa ya orodha, mmoja baada ya mwingine, ikajipanga mistari sitini na moja myekundu kama pilipili iliyoanikwa.

"Hizi zimetoka wapi?" akauliza Emmanuel.

Bwana Kassian hakuuliza. Alisoma jina la mfungua kazi kwenye mstari wa kwanza, akasoma na wa pili, akageuka polepole.

"Lusiana. Umetuvua nguo."

"Mzee, nguo zenyewe zilikuwa za marehemu."

"Zifute!" akamwambia Emmanuel. Ile sauti ya upole ilikuwa imemtoroka.

Emmanuel akajikuna kichwa. Kazi iliyo wazi haifutiki, akasema, mpaka wafadhili wenyewe waandike barua. Je, Mratibu angependa awapigie simu awaeleze kuna kazi sitini na moja anazotaka zifutwe na sababu zake? Bwana Kassian akasema hapana, si lazima kuwasumbua watu Ijumaa. Akaingia ofisini kwake akafunga mlango.

Sasa sikiliza maajabu ya dunia. Wafadhili waliiona ile mistari, na badala ya kukasirika wakafurahi. Walikuwa na pesa za Awamu ya Tatu na walikuwa wanatafuta shida ya kuziweka. Sasa wameletewa sitini na moja, zimepangwa vizuri, zina namba na barua. Bwana Kassian akaitwa Lindi kutoa mada kwenye semina. Mada ilihusu uwazi. Waliokuwepo wanasema alizungumza vizuri sana, hata akatokwa na machozi sehemu moja. Baadaye akapandishwa cheo.

Lusiana yeye alipata barua mwezi Desemba. Mkataba hautaendelea, ilisema, kwa kuwa mtumishi aliingiza taarifa zisizo sahihi katika mfumo kwa kipindi cha miaka mitatu. Aliisoma mara mbili akitafuta kosa, kwa mazoea ya kazi, akalikosa. Kila neno lilikuwa kweli. Akaigonga muhuri mwenyewe, akaifungulia jalada, akalirudisha kabatini. Kisha akakodi kibanda karibu na stendi, akanunua taipureta ya mtu aliyestaafu, akawa anachapa barua za maombi kwa ajili ya watu. Ulimi ukamrudia. Alikuwa akiwaambia wateja, "Barua nitakuandikia nzuri. Watakachoifanya huko, kamuulize marehemu kaburini."

Agosti 2007 fundi Saadi alisimamisha pikipiki mbele ya kibanda. "Vipuri vya Nkowe vimefika," akasema. "Kesho naenda. Panda ukaone." Lusiana akasema ana kazi nyingi. Kesho yake alfajiri alikuwa amekaa nyuma ya pikipiki, kilemba kimekazwa.

Walikuta kijiji chote kwenye kisima. Ndoo na madumu yalikuwa yamepangwa foleni tangu usiku, na wanawake wamekaa kando yake. Saadi akafungua pampu, vijana wawili wakamsaidia kuvuta vyuma kutoka chini, kimoja kimoja, vina kutu. Akabadilisha ngozi ya ndani inayovuta maji, akabadilisha bomba moja lililotoboka, akarudisha. Ilikuwa karibu na adhuhuri alipoushika mkono wa pampu akaanza kupiga. Ulitoka upepo, kisha maji ya rangi ya chai, kisha maji. Vigelegele vilipigwa hadi mbuzi wakakimbia.

Bi Kulthumu alimfuata Lusiana alipokuwa amesimama nyuma ya watu, akamshika mkono, akamkokota mbele hadi kwenye sakafu ya kisima.

"Mnamwona huyu?" akawaambia. "Miaka yote ile, ofisi nzima, aliyenipa kiti ni huyu peke yake. Na kazi wamemfukuza kwa sababu ya pampu hii hii. Mpigieni vigelegele!"

Wakampigia. Lusiana alingoja viishe, na vilipokwisha angeweza kutabasamu na kunyamaza, na hakuna mtu hapo ambaye angejua, isipokuwa Saadi, na Saadi alikuwa anaosha mikono kwa makini sana.

"Mama, msinishangilie," akasema. "Ombi lenu nililifunga mimi. Mwaka ule 2003. Niliandika kwamba pampu imetengenezwa, nikaandika na jina la mtu aliyekufa. Ndiyo maana mlikuwa hamjibiwi."

Maji yaliyobaki mdomoni mwa pampu yakadondoka.

"Wewe?" akauliza Bi Kulthumu.

"Mimi."

"Na nilipokuwa nakuja, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kile kiti unanipa, unajua."

"Najua, Mama." Kisha, kwa kuwa binadamu ni binadamu, akaongeza haraka, "Lakini nililifungua tena. Kilichofungwa nilikifungua tena." Akaisikia sauti yake mwenyewe, akaona aibu.

Bi Kulthumu hakupiga kelele. Lusiana angetoa chochote apige kelele. Mama wa watu aligeukia foleni, akaita, "Fatma! Hebu njoo hapa."

Akaja msichana wa miaka kumi na sita, kumi na saba hivi, ndoo tupu mkononi, mtoto mchanga mgongoni. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo," akamwambia Lusiana.

"Mjukuu wangu huyu," akasema Bi Kulthumu. "Pampu ilipokufa alikuwa darasa la nne, akishika namba mbili darasa zima. Mama yake alishakufa, na mimi mguu ndio huu. Nani aende mtoni? Akaenda yeye. Anatoka alfajiri, anarudi jua limeshachoma, mpaka mwalimu akachoka kumwita. Mwaka jana, huko huko njiani, ndiko alikompata huyo mtoto."

Akamshika Fatma bega, akamsogeza mbele kidogo ili Lusiana amwone vizuri.

"Umesema ulichokifunga unaweza kukifungua tena. Haya, mwanangu. Mfungulie na huyu."

Fatma alikuwa bado amesimama, akingoja shikamoo yake iitikiwe.